Kuzamia bahari kwa kubana pumzi, raha yake iko wapi jamani? Mdogo wangu ametuweka roho juu

Tausi wa Sinza

Habari za jumapili wakuu. Naomba msinicheke mana mimi bahari naijua ya kukaa Coco kula mihogo tu, hata kuogelea kwangu ni kule kwa kushikilia tairi.

Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, kazi anayo, akili anazo, ila tangu mwezi wa 11 mwaka jana ameingia kwenye hiki kitu cha kuzamia bahari bila mtungi wa hewa. Yaani anavuta pumzi moja anaenda nayo chini anarudi nayo. Kila jumamosi saa 12 asubuhi anatoka na begi refu kama amebeba gobole, kumbe ni mapezi ya kuvaa miguuni, mara wanapandia boti Msasani kwenda Bongoyo mara wanavukia Kunduchi kwenda Mbudya, jioni anarudi macho mekundu mgongo umeungua lakini ana furaha ambayo hata siku ya mshahara sijawahi kumuona nayo.

Mama aliposikia neno "mzamiaji" akajua mtoto anataka kuzamia meli aende Ulaya. Halafu siku moja akamsikia kwenye simu anasema "nimesahau mkanda wangu wa risasi", hapo ndo presha ikapanda kabisa. Tumemuelewesha kwamba ni vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia ashuke, akatuangalia akasema bora hiyo ya meli.

Sasa juzi nimemkuta sebuleni kalala chali kwenye mkeka, kafumba macho, tumbo linaruka ruka lenyewe kama la mtu mwenye kwikwi, pembeni simu inahesabu. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaja. Kumbe yuko mazoezini!! Dakika 3 na sekunde 10. Ananiambia dada umeniharibia, leo nilikuwa nafika 3 na nusu.

Swali langu ni hili, raha yake ni nini? Mpira naelewa, mlima naelewa, hata wale wa kukimbia Tanganyika Packers asubuhi nawaelewa. Huyu harudi na samaki, harudi na pweza, hela inatoka haiingii. Na hatari yake ikoje? Mama ananiuliza mimi kila siku kama vile ndo nilimtuma.

Pilau Bila Nyama

Mwache dogo, huko chini ndo sehemu pekee Dar hii ambayo hakuna mtu atakupiga kirungu cha elfu kumi.

mapezi_marefu

Dada Tausi mimi nazamia mwaka wa nne sasa, inawezekana hata huyo dogo namjua, nitajaribu ila kuelezea ni kazi kwelikweli, ni kama kumuelezea mtu usingizi.

Wiki nzima mimi niko Mwenge. Honi, bodaboda, spika za matangazo ya sumu ya panya, bosi, grupu la wasapu la kamati ya harusi. Jumamosi nalala kifudifudi juu ya maji, uso chini, napumua taratibu kwenye snokeli, lile bomba la mdomoni, kama dakika mbili tatu sifanyi kitu chochote. Hapo tu tayari nusu ya raha umeshaipata. Halafu unavuta pumzi moja kubwa kutoka tumboni mpaka kifuani, unajikunja kiunoni, miguu inaenda juu, unashuka.

Mita za mwanzo ni ugomvi, mana mapafu yamejaa hewa yanakurudisha juu kama boya, na masikio yanabana inabidi uyafungue, yaani ubane pua usukume hewa, kila baada ya mita moja hivi. Ila ukifika kama mita 10 maji yanakukandamiza mara mbili ya huku juu, kwaiyo hewa iliyoko kifuani inabaki nusu ya nafasi yake. Hapo ugomvi unaisha. Ukiendelea kidogo unagundua hupigi tena miguu na bado unashuka. Bahari imekuchukua. Mimi mara ya kwanza hiyo kitu imenitokea nilitaka kucheka na huwezi kucheka.

Na watu wanadhani kule chini ni kimya, si kimya, kuna sauti kama mafuta ya kukaangia chapati, tsss tsss, ni wale kamba wadogo kwenye matumbawe wanapiga makucha yao. Moyo unausikia unapunguza mwendo wenyewe. Hiyo si imani wala si yoga, kila mnyama anayepumua hewa anayo, uso ukiingia majini na pumzi ukaibana moyo unashuka, damu inatoka mikononi na miguuni inaenda kwenye vitu vya muhimu. Yaani mwili wako ulikuwa unajua hii kazi miaka yote, wewe ndo ulikuwa hujui, umekaa unajaza fomu za ofisi.

Kuhusu lile tumbo kuruka, usiogope sana. Ile hamu ya kupumua kwa sehemu kubwa haiji kwa sababu oksijeni imeisha, inakuja kwa sababu hewa chafu (kaboni dioksidi) imejaa. Ni kengele. Ukizoea unaisikia unaiambia nimekusikia, subiri. Mimi hilo moja limenisaidia mpaka nchi kavu, ila sitaki kuanza kuhubiri hapa.

Nisikudanganye, Dar si yale maji ya kwenye picha. Masika ikipiga mto Msimbazi unaleta kila kitu, maji yanakuwa chai ya maziwa, unanyoosha mkono huoni vidole. Januari na Februari kaskazi ikitulia ndo utamu, nimeshakutana na kasa nyuma ya Mbudya ananiangalia kama mlinzi wa geti. Unapanda juu unavuta hewa unageuka unaona maghorofa ya Masaki palee, na kichwani unajua nusu saa iliyopita ulikuwa kwenye daladala. Hiyo ndo inaniua mimi. Ningekuwa naishi kisiwani nadhani nisingeona ajabu.

Mtoto wa Mtongani

Nimesoma nikacheka peke yangu. Nyie mnaita mchezo.

Mimi kwetu Kunduchi, pale pale mnapopandia boti. Baba yangu kazamia miaka zaidi ya 20, majongoo bahari na kamba koche, pima tano pima sita anashuka na maski imepasuka mkanda kafunga na mpira wa baiskeli. Hakuna siku karudi anasema bahari imemchukua. Alikuwa anarudi anasema mgongo unauma na yule mnunuzi kapunja tena. Leo sikio la kushoto halisikii kabisa, ukitaka kumuomba hela unakaa upande huo akujibu jambo lingine. Hakuna aliyemfundisha kufungua masikio, walikuwa wanaambiana kaza, litapasuka litazoea.

Na hicho kimya mnachokisifia hakikuwepo. Mpaka kama 2015 hivi, ukizama maeneo yetu unasikia mdundo kifuani, baruti, hujui wamepiga wapi, dakika moja baadaye mwingine. Kuna watu kazi yao ilikuwa kuzamia kuokota samaki waliokufa kwa baruti. Matumbawe mnayopiga picha saa hizi, kama kweli mna macho mtaona sehemu zimekuwa kifusi tupu kama kiwanja kilichobomolewa, hazijarudi na sijui kama nitaziona zikirudi.

Lakini la kumwambia mama yako dada ni hili. Kijiweni kwetu alikuwepo jamaa, sitamtaja, hodari kuliko wote. Siku hiyo kashuka, kapanda, kichwa kikatoka nje kabisa, kavuta hewa, tumemuona anatabasamu, halafu akarudi chini taratibu kama mtu aliyesahau kitu. Mita mbili tu kutoka kwenye ngalawa. Tulikuwa tunafunga nyavu, tukajua kazama tena kutafuta kamba. Wazee walisema kachukuliwa na jini maji. Ukweli mpaka leo sijui la kusema, mtu anatabasamuje halafu anakufa.

mapezi_marefu

Kaka Mtongani pole sana. Na la masikio na la baruti uko sahihi, sina ubishi hata kidogo.

Ila hilo la tabasamu nalijua na inabidi niliseme wazi. Ukiwa chini maji yanakukandamiza, kwaiyo hata oksijeni kidogo iliyobaki inasukumwa kuingia kwenye damu vizuri, unajiona uko fresh. Unapopanda, mgandamizo unapungua haraka, na zile mita 10 za mwisho ndo unapungua kwa kasi kuliko sehemu yoyote, oksijeni kwenye mapafu inaporomoka na ubongo unazima kama simu. Hakuna maumivu hakuna kuhangaika. Na pumzi ya kwanza ukiivuta inachukua sekunde kadhaa kufika kichwani, ndo mana mtu anaweza kutoa kichwa nje, akavuta, akatabasamu, na bado akazimika.

Kibaya zaidi ni ule mtindo wa kuhema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, wazee wengi walikuwa wanafanya na vijana wa swimming pool wanafanya. Wanadhani wanajaza oksijeni. Hawajazi kitu cha maana, wanachofanya ni kuitoa ile hewa chafu, yaani wanazima kengele. Kengele imezimwa, moto unaendelea.

Kwaiyo jini yupo ila jina lake tunalijua. Na dawa yake ni mtu. Mmoja chini mmoja juu, kila mara, na yule wa juu hafungi nyavu hashiki simu, anakuangalia usoni mpaka nusu dakika imepita tangu utoke. Akikushika pale pale akatoa uso wako nje ya maji akakuita jina, mara nyingi unaamka mwenyewe, unauliza kwani imekuwaje. Mimi nimeshamshika mtu mara moja. Aliamka ananigombeza kwamba nimemharibia.

Kizingo Boy

Salam kutoka Mombasa. Hii mada imenigusa, sisi tumekulia Mama Ngina pale, tukiruka kutoka majabalini na kuzama kuokota shilingi wakati meli zapita mlangoni kuingia Kilindini, hakuna alotufundisha, na wallahi nikikumbuka sasa mwenyewe nashangaa vipi tuko hai sote. Wakubwa wetu walikuwa wakituambia bahari haishi zinge, sisi twacheka.

Ndugu yangu wa mapezi, wewe wasema matumbawe, mimi raha yangu ni vyuma. Kuna meli ilizamishwa makusudi 2002 nje ya Bamburi, Dania, ilikuwa ya kubebea ng'ombe, imekaa chini kama mita 30. Mimi mita 30 sifiki na sitaki kufika, lakini sehemu za juu za ile meli ziko karibu zaidi na siku maji yakiwa safi ukielea tu juu yake kisha ukashuka kidogo waiona yote imelala kama nyangumi. Nyamaza kimya. Nikirudi nyumbani mke wangu huniuliza umeona nini, namwambia meli, aniambia si ungeenda Likoni tu feri ipo.

Na mtu wa mji huu huwezi kutazama maji ya Fort Jesus vile vile ukijua kuwa pale chini ilizama meli ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa, na ilikaa pale mpaka wakaja kuichimba 1977 hadi 1980. Watu walikuwa wakiogelea juu yake karne mbili na zaidi wakitafuta kaa.

Moja la kuongeza kwa dada: muulize nduguyo kama wana boya lenye bendera. Chini ya maji sauti yakimbia kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, kwa hivyo mashine ya boti waisikia lakini huwezi kujua yatoka upande gani. Mjini boti ni nyingi, na nahodha wa spidiboti aliyebeba watalii hatazami kichwa cha mtu.

Samaki Mtu

Mnasumbuka bure. Sisi watu wa pwani tumeumbwa hivyo, bandama letu, lile linalosaidia mtu kubana pumzi muda mrefu, ni kubwa kuliko la watu wa bara, wazungu wamepima wakakuta ni kweli, 2018 hiyo.

mapezi_marefu

Hapana mkuu, waliopimwa ni Wabajau, watu wa Indonesia huko wanaoishi baharini, ndo waliokutwa na bandama kubwa kwa karibu nusu zaidi ya majirani zao. Sisi hatujapimwa na yeyote. Bandama lako ni la kawaida tu, la pilau na soda. Usije ukashuka mita 20 kwa sababu ya bandama.

Nesi wa Zamu

Naandika haraka niko kazini. Dada mwambie mdogo wako akiwa na mafua asizame, hata kama boti imeshalipiwa. Njia inayounganisha koo na sikio inakuwa imevimba, hewa haipiti, na maumivu yanaanza mapema, mita mbili tatu tu. Wengi ninaowaona sikio limepasuka si watu wa kina kirefu, ni watu wa kina kifupi waliolazimisha. Na wasimeze dawa ya mafua ili wakazame, dawa ikiisha nguvu ukiwa chini kurudi juu inakuwa kesi nyingine.

Na hayo mazoezi ya pumzi sebuleni sawa, kitandani sawa. Asithubutu kuyafanya kwenye bafu lenye maji wala swimming pool akiwa peke yake. Hilo ndo la kumgombeza, si la mkeka.

Bint Maskati

Assalaam alaykum wote. Mimi niko Maskati, bibi yangu mzaa mama ni wa Unguja, na nyumbani bado twasema Kiswahili chetu hiki cha kuchanganya.

Huku mchezo huu umeshika sana sasa, vijana wa kike na wa kiume wanakwenda Bandar Khayran, milima imeingia ndani ya bahari na maji yako kama bilauri, na wenye muda wanakwenda visiwa vya Daymaniyat kutazama kasa. Mimi nimesoma kozi, nashuka mita 12 na buibui yangu ya kuogelea juu ya wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuzamia, watu wananipiga picha mie badala ya samaki.

Lakini kuna jambo ndugu yetu wa Mtongani amelisema likanikaa. Huku Ghuba wanapenda kusema kuzama ni asili yetu, turathi, wapiga mbizi wa lulu, na maonesho yanafanywa na nyimbo zinaimbwa. Kweli, walikuwa wakishuka na jiwe mguuni na kibanio puani, kamba kiunoni, na mtu juu wa kuivuta, joto lote la miezi minne ya kiangazi, mbizi baada ya mbizi. Ila hawasemi sana kwamba wengi katika hao walikuwa watumwa, na wengi wao wametoka huko huko kwenu, pwani ya Afrika Mashariki, lulu inauzwa Bombay na mzamiaji habaki na kitu. Biashara ikafa lulu za kufuga za Kijapani zilipoingia sokoni, miaka ya 1920 na 30. Kwa hiyo mimi kila nikibana pumzi napata ile raha anayoisema kaka, kabisa, kisha nikitoka juu nafikiri kuna mtu alishuka hapa hapa kwa jina kama la babu yangu na hakuwa na hiari ya kesho kutokuja.

Sikusudii kumuharibia mtu jumamosi yake. Nami jumamosi hii nakwenda.

Mtoto wa Mtongani

Bint Maskati umenena. Nilikuwa nakuja kugombana na mtu hapa naona niache.

Mzee nimemsomea haya (upande wa kulia). Lile la mapafu na oksijeni kanyamaza sana. Baadaye akasema, "Kwa hiyo tungemshika mkono tu." Hakusema kingine kaingia ndani.

Tausi wa Sinza

Wakuu nimerudi. Nimesoma yote, mengine mara mbili, na ya mzee wa Mtongani yamenikosesha usingizi.

Nikaamua, badala ya kubishana nyumbani jana nimeenda nae. Bongoyo. Nimevaa boya la kujiokolea nikashikilia na lile boya lao lenye bendera (Kizingo Boy lipo, jekundu, nimelikagua), wakaniazima maski nikaweka uso majini. Dogo akalala juu ya maji kama dakika mbili, nikadhani kasinzia. Halafu akajikunja akaenda. Kaka wa mapezi hukunambia kwamba ukiwa juu unaona kila kitu, unaona mapezi yanazidi kuwa madogo, yanabadilika rangi yanakuwa kijani kijani, halafu huoni tena. Mimi hapo nilianza kuhesabu kwa sauti ndani ya snokeli. Arobaini. Hamsini. Mwenzake aliyekuwa juu hana wasiwasi wowote, ananiangalia mimi zaidi ya maji, nusura nimzabe kofi, nikamuonyesha kidole chini angalia huko!! Sabini na mbili akaonekana, anapanda taratibu kama mtu anayetoka msikitini, mwenzake akashuka kidogo kumpokea, wakatoka pamoja, akavuta hewa mara tatu hup hup hup, akaonyesha kidole niko sawa, na yule mwenzake akaendelea kumkodolea macho mpaka nikaona aibu kwa niaba yao.

Nikamuuliza umeona nini huko. Akasema mchanga. Mchanga tu dada, na samaki taa mmoja kajifukia.

Sasa siwezi kusema nimeelewa. Kuelewa bado. Ila nilipobaki na uso majini wao wamepanda kwenye boti kunywa maji, nilisikia ile sauti ya chapati. Kweli ipo. Nilikaa nayo mpaka wakaniita mara tatu.

Mama nimemwambia anashikwa mkono na wenzake muda wote, ambayo si uongo sana. Kasema basi na wewe uwe unaenda umuangalie, kwaiyo ndo nimeshapewa kazi ya kila jumamosi.

Swali la mwisho, maski waliyoniazima inavuja pembeni ya pua, wanasema uso wangu mdogo. Mwenye kujua duka la uhakika Kariakoo au popote wanapouza za saizi ndogo aniambie, na kama kuna mtu anauza iliyotumika aje inbox.